Mlinzi wa zizi aliyegoma kumpa shikamoo baba mkwe wangu (Misigiri, enzi za ruksa)

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, na hiyo shikamoo mtaona huko mbele kwa nini nimeitanguliza.

Mimi ni member wa kusoma tu, huwa napita kimya kimya. Lakini wiki iliyopita kuna jambo limenitokea nyumbani kwangu hapa Singida mjini, nimeona nikiendelea kukaa nalo moyoni litanitoa roho.

Ila ili mlielewe lazima nirudi kwanza miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kijijini kwetu jirani na Misigiri, Iramba.

Ninayoandika ni kweli tupu. Wale wa kusema "hii chai" karibuni, ila sukari mje nayo. Na wale wa kudai picha, enzi hizo kata nzima ilikuwa na kamera moja, na mwenye kamera alikuwa hana filamu.

Twende taratibu.

Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu. Nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Msengi, namtaka binti yake Mariamu. Posa ikapokelewa. Mshenga akaja kukagua ng'ombe wa mahari mmoja mmoja hadi meno, akawakubali wote. Tukakubaliana mtama ukishavunwa tuwapeleke.

Sasa kwetu utaratibu ulikuwa hivi: ng'ombe akishachaguliwa ni wa mkwe, ila analala kwako. Akiliwa na fisi hasara ni yako, na maneno pia ni yako. Watu wanaanza kuulizana huyo binti anapelekwa kufanya nini kwenye nyumba ambayo hata fisi wameizoea.

Na mwaka ule fisi walikuwa wametuamulia kweli kweli.

Walianza na mbwa wetu. Wakaja kwa mbuzi wawili wa jirani. Halafu wakamchukua mtoto wa punda, hatua chache tu kutoka mlangoni.

Tulikuwa na punda dume jina lake Ruksa, tulimwita hivyo kwa sababu alikwenda anakotaka na hakuna wa kumuuliza. Toka mtoto aliwe, Ruksa akawa jua likizama tu anasukuma mlango wa jikoni anataka akalale na mama. Mama anamtoa na mwiko, anarudi.

Tuliongeza miiba kwenye boma. Tukawa tunapokezana mimi na baba, moto na mkuki hadi asubuhi. Kukikucha unakwenda shambani kufukuza kweleakwelea kwenye mtama. Nilikuwa nasinzia nimesimama, na nilikuwa nimekonda mpaka mshenga akauliza kama naumwa.

Wazee wetu walikuwa wanasema fisi anaogopa harufu ya mtu, kwa hiyo unatundika shati lenye jasho kwenye miiba ya zizi. Njia nzuri. Shida ni kwamba miaka ya nyuma kidogo, ile ya kupanga foleni ya sabuni, mtu alikuwa na shati moja tu. Ukilitundika zizini unalala kifua wazi, na asubuhi unakuta mbuzi ameshakula kola.

Ndipo ikaja mitumba.

Wakongwe mnakumbuka tulivyoiita: kafa ulaya. Yaani mwenye nguo kafa huko kwao ndiyo maana imetufikia sisi. Mnadani walikuwa wanamwaga marobota chini kwenye turubai, watu tunapiga mbizi.

Mimi nikaibuka na koti la ngozi. Jeusi, refu hadi kisiginoni, lina manyoya shingoni, zito kama gunia la chumvi. Muuzaji mwenyewe hakujua la nini. Kwa jua lile la Iramba nani alivae? Akaniachia kwa bei ya kutupa, akaniongezea na buti mbili za ngozi, zote za mguu wa kushoto.

Nikarudi nyumbani nikachimbia nguzo nje ya mlango wa zizi. Nikafunga magunia, nikayajaza nyasi na mabua ya mtama, nikalivisha lile koti, buti zile mbili, na kofia ya pama ya baba juu. Nikaenda mbali nikageuka kuangalia. Wakuu, mimi mwenyewe niliyemtengeneza nilishtuka.

Mama akampa jina hapo hapo. Kafa Ulaya.

Hapa niwaeleze jambo moja vijana wa mjini. Sanamu tulikuwa tunazijua. Ila kazi ya sanamu ni kufukuza ndege, mahali pake ni shambani, na nguo yake ni gunia lililochoka. Hakuna mtu aliyewahi kuona sanamu inalinda zizi, tena imevaa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Wiki nzima tukalala usingizi. Fisi walikuwa wanalia huko mbali korongoni, hawasogei. Baba akaanza kuniita "fundi". Nilikuwa najisikia sana.

Siku ya nane au ya tisa hivi akaja mshenga, uso umekunjamana. Hata maji hakunywa. Akasema, "Mzee Msengi ameniambia posa isimame. Anasema nyumba hii haina adabu."

Baba akanigeukia. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu baba."

"Ulimpita mzee njiani bila kumwamkia?"

"Sijampita."

"Apa."

Nikaapa. Akaniapisha tena. Usiku ule sikulala, na safari hii fisi hawakuhusika. Mariamu nilikuwa nampenda jamani, sitaki kuwaficha. Nilimngojea miaka miwili amalize kumuuguza bibi yake. Leo naambiwa posa imesimama kwa kosa ambalo hata silijui.

Asubuhi baba akanipa jogoo, akasema nenda kaombe msamaha. Nikauliza msamaha wa nini. Akasema utaambiwa huko huko.

Niwaeleze kidogo kuhusu Mzee Msengi. Sifa yake ilikuwa macho. Ng'ombe akipotea wakamgombania watu wawili, anaitwa yeye. Anasimama mbali anaangalia, anasema huyu ni ndama wa yule jike wa fulani aliyevunjika pembe mwaka wa njaa. Kesi imeisha. Watu walikuwa wanamfuata kutoka vijiji vya mbali kwa ajili ya macho hayo.

Nikamkuta amekaa nje na wazee wenzake wawili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani?"

Wakuu, nilikuwa nimesimama hatua tatu mbele yake, mchana kweupe, na jogoo mkononi. Nikataja jina langu na la baba.

Akasema, "Aa, wewe. Wewe sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu ni yule ndugu yenu mrefu wa pale zizini. Mimi kila alfajiri napita hapo naenda kwenye mtama. Siku ya kwanza nikasema labda hajaniona. Siku ya pili nikakohoa. Siku ya tatu nikasimama kabisa nikamngoja. Kimya! Kofia kichwani, hata kuivua hakuvua! Mimi naweza kumzaa yule!"

Wale wazee wenzake wakatikisa vichwa wakisema dunia imekwisha.

Mimi nikaelewa yote kwa mara moja. Macho ya Mzee Msengi yalikuwa yanamwondoka, na hakuna aliyekuwa anajua. Pengine hata yeye alikuwa hajakubali. Sasa mimi kijana, naanzaje kumwambia mbele ya wenzake kwamba ulikuwa unangoja shikamoo kutoka kwa nyasi? Huyo ndiye mtu wa kutambua ng'ombe wa kata nzima!

Ulimi ukaniponyoka. "Ni binamu yangu baba. Ametoka Itigi. Wa reli."

"Wa reli," wakaguna wote watatu. Kwetu ukisema mtu wa reli umeshaeleza kila kitu: mshahara, saa ya mkononi na shingo ngumu.

Mzee akasema, "Mwambie hivi. Hata treni ikikuta mtu njiani inapiga honi. Akininyamazia tena, fisi wamle."

Jogoo akampokea.

Nikarudi nikawaeleza wazazi, ila la macho nikalificha, nikasema ni giza la alfajiri. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Akasema uongo wako utaulisha mwenyewe.

Nikaulisha kweli. Alfajiri iliyofuata nikajificha nyuma ya koti la Kafa Ulaya. Mzee akaja na fimbo yake, nikabana pua: "Shikamoo mzee!"

Akasimama. "Marahaba! Kumbe una mdomo."

"Nisamehe mzee. Nilikuwa nawaza fisi."

Akaondoka ameridhika. Nikajua yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza, maana kesho yake alisimama kupiga stori.

"Za Itigi?"

"Nzuri mzee."

"Mvua?"

"Kiasi mzee."

"Na treni siku hizi inafika kwa wakati?"

Mimi treni nilikuwa sijawahi kuipanda maisha yangu yote. Nikamwambia inachelewa. Akafurahi, akasema alijua tu. Wakati huo huo Ruksa amekuja anatafuna mabua kwenye mkono wa koti, mimi nampiga teke, Mzee ananiuliza mbona unahema. Nikamjibu ni kifua, moshi wa treni.

Akanipa pole. Akasema nikapike mizizi ya mti fulani ninywe. Yaani alikuwa ameanza kumpenda binamu yangu.

Siku ya tatu usingizi ukanizidi. Nimekuja kushtuka jua limeshatoka.

Natoka nje, nguzo imelala. Nyasi zimetapakaa uwanja mzima. Kofia iko upande huu, manyoya ya shingo upande ule. Koti halipo. Buti moja haipo, ya pili iko kwenye vumbi imetafunwa kisigino.

Nikakimbilia zizini. Ng'ombe wote wapo. Mbuzi wote wapo. Ruksa yuko jikoni kwa mama.

Baba akaokota kipande cha ngozi akakitazama kwa muda. Akasema, "Wewe fundi. Fisi anakula mpaka kamba za ngozi, mpaka viatu. Wewe umemsimamishia ngozi nzima mlangoni."

Kumbe zile siku zote fisi hawakuwa wanaogopa. Walikuwa wanajadiliana waanzie wapi.

Lakini na ukweli usemwe: usiku ule walishiba koti, hawakugusa mnyama hata mmoja. Kafa Ulaya alifia kazini.

Mama akaenda kisimani. Huko akawaambia wenzake wawili wanaojua habari, kwa utani, "Mlinzi wetu kaliwa usiku, kabaki buti moja." Wakacheka wakajaza ndoo wakaondoka. Sasa kisimani kuna wanaojua na kuna wasiojua, waliosikia tu kwamba tuna binamu wa reli, na hao ndio wenye miguu ya kutembeza habari.

Saa sita mchana tukaona watu wanakuja. Wanaume wamebeba majembe. Wanawake wamebeba unga na kuku, vitenge wamejifunga kiunoni.

Jirani mmoja akampa baba mkono. "Poleni sana."

Baba akadhani anataniwa. "Asanteni. Ndiyo dunia. Kazi alikuwa anaijua."

Ndipo akamwona Mzee Msengi anakuja nyuma, ameshikwa mkono na mkewe, analia. Mzee mzima analia kwa sauti. Akaja akakaa chini kwenye vumbi, fimbo akaitupa.

"Mimi ndiye nimemuua. Nilisema fisi wamle. Halafu yule kijana akaomba msamaha, akaniamkia vizuri, tukaongea kama baba na mwana. Na mimi ile laana sikuifuta! Nilisahau kuifuta!"

Hapo kicheko chote kiliniisha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mtu mmoja akauliza, "Marehemu alikuwa dini gani, tujue anazikwa vipi?"

Baba akasema Mkristo. Mimi nikasema Muislamu. Kwa pamoja.

Wakatutazama. Mama akadakia kwamba alikuwa anabadilisha. Wale wenzake wawili wa kisimani wakajifunika vitenge usoni, mabega yanatikisika. Watu wakawaonea huruma sana, wakawaletea maji, wakisema wamama hawa wana uchungu.

Mzee Msengi akapangusa macho. Akasema, "Binti mchukueni. Sina uso wa kudai ng'ombe hapa. Na kesho alfajiri nashika njia ya Manyoni hadi Itigi, nikampigie magoti mama yake."

Alikuwa anasema kweli. Mzee yule, na macho yale, angekwenda Itigi kutafuta mama wa magunia.

Nikamwangalia baba. Baba akatazama pembeni. Uongo wangu, niulishe mwenyewe.

Ningeweza kunyamaza, wakuu. Mke nimepewa, ng'ombe nimesamehewa. Shetani alinipigia hesabu hiyo haraka sana, nawaambia ukweli. Ila yule mzee alikuwa bado amekaa kwenye vumbi.

Nikamshika Mzee Msengi mkono nikamwambia, "Baba, twende nikuonyeshe alipoangukia." Nikampeleka nyuma ya zizi, tukiwa wawili tu. Nikaweka buti mkononi mwake. Nikaweka na gunia lililopasuka. Akapapasa, akavuta nyasi, akanusa.

"Hii ni nini?"

"Ndiye yeye baba. Hakuna mtu aliyekufa. Na aliyekuamkia nilikuwa mimi."

Nilimsikia Ruksa akitafuna, nikasikia watu kule mbele wakiongea. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, nangoja fimbo, nikakumbuka fimbo ameiacha kule kwenye vumbi.

Baadaye akasema, "Kwa hiyo treni hujui kama inachelewa."

"Sijui baba."

"Nani anajua habari hii?"

"Wa nyumbani. Na wamama wawili."

"Na macho yangu?"

"Mimi tu baba."

Akavuta pumzi. Akasema, "Mimi nimeshalia mbele ya watu. Machozi hayarudi machoni. Chimba."

Nikachimba. Akaiweka buti mwenyewe, akatupia udongo mara tatu, tukafukia. Alipomaliza akaninong'oneza, "Ng'ombe niletee, wote. Na kuanzia leo, ukiniona kwa mbali usiningoje nikuone. Paza sauti. Sema shikamoo, sema jina lako na la baba yako, na kama kuna mtu mwingine pale, mtaje."

Tukarudi. Akasimama mbele ya watu akasema, "Nimeongea na mfiwa. Kilichobaki tumekizika. Habari za msiba Itigi watazipeleka wenyewe. Pikeni watu wale."

Watu wakala. Hata mimi nilikula, sijui ugali ule ulipitaje.

Mtama ulipovunwa tukapeleka ng'ombe, na Mariamu nikamwoa. Fisi tukaja kuwapunguza kwa miiba ya kueleweka, mbwa watatu, na Ruksa tukamjengea kibanda cha udongo. Ngozi hatukuweka tena karibu na zizi, hata mkanda wa suruali nilikuwa navulia ndani.

Na mimi miaka yote ile, nikimwona Mzee Msengi kwa mbali, napaza sauti. "Shikamoo baba! Ni mimi fulani wa fulani! Niko na mwenyekiti na mama mwenye kitenge!" Watu wakawa wananisifu Iramba nzima, eti hakuna mkwe mwenye adabu kama mimi. Hadi anafariki hakuna aliyejua anaona ukungu. Kaburi la buti lipo mpaka leo, wajukuu wanaambiwa ni la babu wa reli.

Sasa nirudi kwa hilo la wiki iliyopita.

Binti yangu wa mwisho amechumbiwa. Kijana ni bodaboda, na mimi kusema ukweli nilikuwa simpendi. Nywele zile, waya za simu masikio yote mawili. Nilikuwa nimemwambia mke wangu posa isubirishwe.

Jioni natoka msikitini. Nafika getini kwangu namwona amesimama ndani ya uwanja, koti lake la pikipiki, kofia ngumu kichwani. Kimya. Nikakohoa. Kimya. Nikasimama nikamngoja, hasira zimenipanda hadi masikioni, nikaanza, "Wewe kijana, kwenu hamkufundishwa..."

Nyuma yangu nikasikia pikipiki inazimwa na sauti kubwa: "Shikamoo baba! Ni mimi Juma! Niko peke yangu!"

Akanipita taratibu. Akaenda kwenye kamba ya nguo akaanua lile koti na ile kofia, alivyokuwa ameviacha vikauke, koti akalikunja, akaviweka juu ya kiti cha pikipiki. Hakucheka. Akaniuliza tu, "Umeshindaje baba?"

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Mke wangu akatoka kuuliza kuna nini. Nilikuwa nasikia tu ile sauti ya nyuma ya zizi: na macho yangu?

Usiku uleule nikampigia mshenga wa Juma. Nikamwambia posa imepita, na ng'ombe wawili nimewafuta.

Nilichojifunza: fisi usimwekee ngozi. Na mtu akianza kupungukiwa, usimwambie mbele ya watu. Wewe paza sauti tu, yeye ataelewa.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu alishanunia koti, nguzo au tangi la maji kwa kukosa shikamoo? Msione aibu, tuko wengi.

Ila mkikomenti andikeni kwa herufi kubwa.